Tobia Ameingia Stoo

SOMO LA WIKI: Kuufanya upya utume wetu kama kanisa
MAANDIKO YA KUSOMA: Nehemia 10:28-39, Nehemia 13:4-14



Jumapili ijayo ni Jumapili ya Agano. Kila mshirika atapewa kadi, na tutaombea kadi hizo pamoja mbele ya madhabahu. Ni siku njema na ninaingojea. Lakini kabla hatujaweka agano jipya, hebu tuulize lile la zamani lilienda wapi. Tutaanza na Nehemia, halafu tutafungua mlango wa stoo yetu hapa kanisani. Tukifika hapo, mimi mwenyewe nina jambo la kukiri.

1. Agano lililokuwa na majina

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52 (Nehemia 6:15). Baada ya hapo watu walikusanyika, Ezra akasoma torati, wakalia, wakatubu, na katika sura ya 10 wakafanya agano. Sura hiyo wengi wetu huiruka kwa sababu imejaa majina magumu. Safari hii usiiruke. Hesabu majina hayo na utapata 84. La kwanza kabisa ni la Nehemia mwenyewe, liwali. Kiongozi hakungoja kuona wengine wamefanya nini.

Halafu angalia waliahidi nini. Hawakusema tu kwamba watampenda Mungu zaidi. Walisema kila mtu atatoa theluthi ya shekeli kila mwaka kwa kazi ya nyumba ya Mungu. Walipiga kura kujua ni ukoo gani utaleta kuni za madhabahu, na kwa wakati gani. Kuni! Mtu wa kiroho sana angeona hilo ni jambo dogo, lakini bila kuni hakuna sadaka ya kuteketezwa. Kisha wakafunga kwa kusema kwamba hawataiacha nyumba ya Mungu wao (10:39). Mstari huo uutie alama, tutaurudia.

2. Agano lile lile, miaka michache baadaye

Nehemia alirudi kwa mfalme Artashasta. Akakaa huko kwa muda, akaomba ruhusa, akarudi Yerusalemu. Alichokikuta kiko katika sura ya 13.

Hekalu lilikuwa na chumba kikubwa. Humo waliweka sadaka za unga, ubani, vyombo, na zaka za nafaka, divai na mafuta, yaani riziki ya Walawi, waimbaji na mabawabu. Kuhani Eliashibu ndiye aliyekuwa msimamizi wa vyumba. Akamtengenezea chumba hicho Tobia, kwa sababu walikuwa na uhusiano. Tobia huyu ni yule Mwamoni aliyewacheka wajenzi, akisema hata mbweha akipanda ukuta wao ungebomoka (4:3). Sasa adui wa kazi ana chumba ndani ya nyumba ya Mungu, na vitu vyake vya nyumbani vimo.

Tafadhali tuone jambo moja hapa. Tobia hakuvunja mlango. Alipewa nafasi na mtu wa ndani, tena mtu wa ibada. Na kwa chumba kikubwa namna ile kupokea vyombo vya nyumba ya mtu, vitu vya Bwana ilibidi viondoke kwanza.

Matokeo yake ni mstari wa 10. Walawi na waimbaji walikuwa wamekimbia, kila mtu shambani kwake. Hawakuwa wamerudi nyuma kiroho. Walikuwa na njaa. Ndiyo maana Nehemia hakuanza kwa kuwagombeza Walawi. Aligombana na wakuu, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa (13:11). Rudi sasa kwenye ule mstari uliotia alama. Jambo waliloahidi kutolifanya ndilo hilo hilo walilolifanya. Hakuna aliyesimama kutangaza kwamba agano limevunjwa. Lilivunjika pole pole, kupitia matumizi ya chumba.

3. Stoo yetu

Mnakijua kile chumba kando ya jiko la kanisa. Waliokuwa hapa mwaka wa 2008 wanajua kilianza vipi.

Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, Bonde la Ufa liliwaka. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo ndani, wanawake na watoto wakiwemo. Mwishoni mwa Januari moto ukafika hapa Nakuru. Tume ya Waki baadaye ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Uwanja wa maonyesho, Showground, ukageuka kambi ya waliofukuzwa makwao. Mimi nilikuwa kijana wa shule. Ninakumbuka mama zetu wa kanisa wakipika uji kwa sufuria kubwa na kuupeleka huko. Unga na blanketi zilizobaki ziliwekwa kwenye kile chumba, na hivyo ndivyo stoo ilivyoanza.

Tusijidanganye kwamba wakati ule sisi tulikuwa malaika. Kulikuwa na watu waliokaa benchi moja kwa miaka na sasa hawasalimiani. Hatukuwa peke yetu. Februari 2008 viongozi wa Baraza la Makanisa la Kitaifa, NCCK, walisimama hadharani wakakiri kwamba makanisa yaliegemea upande kwa misingi ya kabila, wakaomba msamaha. Wazee wetu nao walitubu, halafu wakaweka utaratibu: tukienda kutembelea watu mitaani tutaenda wawili wawili, na wawili hao wasitoke jamii moja. Mmoja abebe unga na mwingine abebe Biblia. Mama mmoja aliniambia kwamba mara ya kwanza alipogonga mlango huko Kaptembwo na mwenzake wa kabila lingine, mwenye nyumba alikaa kimya kwanza, akiwaangalia, kisha akalia kabla hawajasema neno lolote.

Huo ndio ulikuwa utume wetu. Haukuandikwa ukutani kwa rangi, lakini kila mtu aliujua.

Sasa nifike kwa ile habari ya kukiri. Nilipoajiriwa hapa kama mchungaji msaidizi nilikuja na shahada yangu ya biashara. Nikakuta stoo nusu tupu, na unga mwingine umeingia wadudu. Nikapeleka hoja kwa kamati: tununue hema na viti, tuviweke pale, tuwe tunakodisha kwa harusi na matanga. Nilileta hesabu zilizopangwa vizuri na zikapita. Na kweli faida ilipatikana. Spika mnazozisikia Jumapili zilitoka hapo, na geti pia. Hakuna aliyeiba hata shilingi moja.

Lakini waliokuwa wakitembelea watu walianza kukosa cha kubeba. Kwanza walienda mara mbili kwa mwezi, halafu mara moja, halafu wakipata nafasi. Ushirika wa nyumbani wa Kaptembwo ukafungwa na hakuna aliyetangaza. Kwenye ripoti zangu za mwaka hakukuwa na hata mstari mmoja wa kuuliza hao watu wako wapi. Mapato yalikuwa yamepanda, nami nikaona tunaendelea vizuri.

Jumatano moja mwaka huu mama mmoja alikuja kanisani. Zamani alikuwa wa ushirika ule. Kibarua cha mumewe kilikuwa kimeisha, na watoto hawakuwa wamekula tangu jana yake. Aliuliza kama stoo bado iko. Nikafungua mlango, na kulikuwa na hema na viti mpaka darini. Nikampa kitu kidogo kutoka mfukoni, nikamwombea, nikajiona nimefanya kazi. Alipokuwa akiondoka akaniambia bila hasira, “Pasta, nilidhani kanisa lilihama. Maana hamkuja tena.”

Wapendwa, kutoka hapa mpaka kwake ni matatu moja tu. Hatukuhama. Tulitoa vitu vya Bwana stooni, tukaingiza vya Tobia, na aliyefungua mlango alikuwa mimi. Ninaomba msamaha wenu, na kwa yule mama nimeshaenda.

4. Nehemia alifanya nini?

Alifanya mambo manne, na yafuate kwa mpangilio wake. Alivitupa nje vyombo vyote vya Tobia. Akaamuru vyumba visafishwe. Akarudisha humo vyombo vya nyumba ya Mungu pamoja na sadaka. Kisha akaweka watunza hazina walioaminika, tena akawataja kwa majina: kuhani, mwandishi, Mlawi, na msaidizi wao (13:13). Mtu aliyesomea biashara akisoma mstari huo anafurahi! Toba ya Nehemia ilikuwa na rejista.

Hapa kuna ndugu atauliza, “Pasta, kwani hema ni dhambi?” Hapana. Kukodisha hema si dhambi, na spika si dhambi. Shida ni kwamba kilichokuwa cha kusaidia kazi kilichukua nafasi ya kazi yenyewe. Jaribio ni rahisi. Angalia kanisa linatumia wapi vyumba vyake, pesa zake na Jumamosi zake. Huo ndio utume wake wa kweli, hata kama kwenye bango tumeandika mwingine.

5. Waliowahi kuanza upya

Mwaka wa 1722 wakimbizi wa imani kutoka Moravia walianza kijiji kinachoitwa Herrnhut, huko Ujerumani, kwenye ardhi ya bwana mmoja aliyeitwa Zinzendorf. Wengine wakajiunga nao kutoka sehemu nyingine na madhehebu mengine, na baada ya miaka michache walikuwa wanagombana vibaya. Tarehe 12 Mei 1727 waliweka mkono kwenye mapatano ya kuishi kama ndugu. Tarehe 13 Agosti mwaka huo, katika meza ya Bwana, Roho wa Mungu aliwagusa wakapatana kwa machozi. Wakaanza zamu za maombi za saa 24, na zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Lakini hawakubaki kwenye maombi tu. Mwaka wa 1732 waliwatuma wawili kwenda kisiwa cha Saint Thomas kuwahubiria watumwa. Mmoja alikuwa mfinyanzi na mwingine seremala. Na mwaka wa 1891 wamisionari wa kanisa hilo hilo walifika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Ninawataja kwa sababu wanafanana na sisi. Nakuru ni mji wa waliotoka mahali pengine. Reli ilifika hapa mwaka wa 1900, na tangu hapo watu wamekuja kutoka kila upande kutafuta kazi na shamba. Mungu hakungoja kupata kijiji cha watu wa asili moja wasiogombana. Aliwachukua wagomvi waliokubali kuandika majina yao, akawatuma.

6. Tutafanya nini?

Wazee wa kanisa wamekubaliana hivi:

Hema na viti vitahamia kibanda cha nyuma. Kukodisha kutaendelea, lakini mapato yatajaza stoo kwanza kabla ya matumizi mengine.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunasafisha stoo. Njoo na ufagio. Mimi nitakuwa wa kwanza kubeba viti.

Watu wanne watatunza stoo, na rejista yake itasomwa mbele ya washirika wote kila mwisho wa mwezi.

Tunarudi kutembelea wawili wawili, wasiotoka jamii moja. Tutaanza Kaptembwo na Rhonda, halafu Njoro.

Kadi ya Jumapili ina nafasi tatu tu: jina lako, kazi utakayofanya, na siku utakayoifanya. Usiandike kwamba utamtumikia Bwana zaidi. Andika, kwa mfano, “Jumamosi ya pili ya kila mwezi, nitaleta kilo mbili za unga,” au “nitaenda Rhonda na mwenzangu.” Mzee asiyeweza kutembea aandike saa yake ya maombi. Watoto pia wataandika, kwa maana katika Nehemia 10:28 kila aliyeweza kuelewa aliingia kwenye agano. Kadi ya kwanza itakuwa ya Mchungaji na ya pili ni yangu.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Linganisha Nehemia 10:39 na 13:11. Ni mambo gani madogo yaliyowafikisha watu kutoka mstari wa kwanza hadi wa pili?
2. Kwa nini Nehemia aliwauliza wakuu kabla ya kuwauliza Walawi?
3. Kuna jirani wa ushirika huu ambaye angeweza kusema, “Nilidhani kanisa lilihama”? Mtajeni kwa jina katika maombi, na mkubaliane ni nani ataenda na lini.
4. Je, bado kuna mtu humsalimii kwa sababu ya kabila lake? Utafanya nini kabla ya Jumapili?
5. Katika nyumba yako mwenyewe, Tobia amepewa chumba gani?

OMBI

Baba, tumeiacha kazi yako huku tukiendelea kuimba. Utusamehe. Toa katika nyumba yako kile tulichokiingiza wenyewe, safisha, urudishe kilicho chako. Tupe uaminifu wa mwezi wa kwanza na wa mwezi wa kumi na mbili. Kwa jina la Yesu, Amina.

Tuonane Jumamosi, saa mbili. Mungu awabariki.

Mchungaji Msaidizi