Jicho la Mtoto Linalowa Saa Zote? Njoo Tuongee, Mdogo Wangu

Mdogo wangu uliyejifungua majuzi, kama jicho moja la mwanao linalowa hata asipolia, na kila akiamka kope zimegandana kwa tongotongo, usijilaumu. Hakuna ulichokosea ulipokuwa mjamzito. Mara nyingi ni njia ya machozi tu ambayo haijafunguka.

Machozi yakishalowesha jicho huingia kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo kona ya ndani, hukusanyika katika kifuko, kisha hushuka kwa mrija hadi puani. Ndiyo maana tukilia kamasi hututoka. Kwa watoto wengi wenye shida hii, mwisho wa mrija huo umebaki na utando mwembamba uliotakiwa kufunguka karibu na siku za kuzaliwa. Machozi hukosa pa kwenda, yakamwagika shavuni, na yanayotuama huleta tongotongo. Jipe moyo: kwa takribani watoto 9 kati ya 10, mrija hufunguka wenyewe kabla hawajatimiza mwaka.

Wewe kazi yako ni kusafisha na kukanda. Kata kucha, nawa kwa sabuni. Chovya pamba safi kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, futa kutoka kona ya ndani kwenda nje, itupe, chukua nyingine. Kisha weka ncha ya kidole kwenye kona ya ndani ya jicho, ubavuni mwa pua, ukandamize kiasi huku ukishuka kuelekea tundu la pua. Rudia mara 5 hadi 10, na ufanye hivyo mara 2 hadi 4 kwa siku. Wakati wa kunyonyesha ni mzuri maana mtoto ametulia. Msukumo huo husaidia kufungua utando. Daktari Crigler wa Marekani aliueleza mwaka 1923, na mpaka leo ndio tiba ya kwanza.

Sasa nisikilize vizuri. Usimtie mtoto maziwa ya mama jichoni, wala wanja, maji ya majani au matone aliyobakiza jirani. Baadhi ya matone yana steroidi, na yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuharibu uoni. Hata antibiotiki haifungui mrija. Hutibu maambukizi tu, na ni daktari wa kuamua.

Zipo dalili zisizongoja kesho. Mtoto mchanga wa siku chache mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani huenda aliambukizwa kisonono wakati wa kuzaliwa, na jicho laweza kupofuka. Wahi pia ukiona uvimbe kwenye kona ya ndani, homa, weupe wa jicho umekuwa mwekundu, mtoto anakimbia mwanga, au kioo cha jicho kina ukungu au kinaonekana kikubwa kuliko kawaida. Hiyo ya mwisho yaweza kuwa glakoma ya utotoni.

Akifika mwaka na jicho bado linalowa, daktari wa macho atampitishia kijiti chembamba katika mrija, akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Ni kazi ya dakika chache, na wengi hupona hapo hapo.

Na wewe mtu mzima unayefuta jicho kwa leso kutwa nzima, kwako kukanda na kungoja hakutoshi. Mrija wa mkubwa huziba kwa umri, maambukizi ya mara kwa mara, pua iliyowahi kuvunjika, au uvimbe unaoota ndani. Tena si kila jicho linalolowa limeziba: huenda kope zimegeukia ndani kwa sababu ya trakoma. Ukiona machozi yenye damu au uvimbe mgumu kwenye kona ya ndani, nenda hospitali haraka. Mrija ukiwa umeziba kweli, kuna upasuaji wa kufungua njia mpya kutoka kwenye kifuko hadi puani. Uliza hospitali yenye idara ya macho, kama CCBRT Dar es Salaam, KCMC Moshi au Kikuyu kule Kenya.

Nawe mdogo wangu, siku ya kumpima mwanao uzito, usiondoke kliniki kabla hujamwonyesha muuguzi jicho lake. Mwambie lilianza lini, na umwombe akuelekeze kukanda huku wewe mwenyewe ukijaribu mbele yake.