Je, dunia ni programu ya kompyuta?

Vijana wa darasa langu la jioni huniuliza: "Ustadhi, kama sisi ni programu ya kompyuta tu, sala ya nini?" Chanzo ni makala ya mwaka 2003 ya Nick Bostrom, wakati huo mwanafalsafa wa Oxford. Lakini yeye hakusema hivyo. Alisema moja kati ya matatu ni kweli: karibu jamii zote hutoweka kabla ya kufikia uwezo wa kuunda ulimwengu wa namna hiyo, au zinazofikia haziundi, au karibu kwa yakini sisi tumo ndani yake. Wasimuliaji wameshika la tatu tu!

Haya, tulichukue hilo hilo. Huyo mtengeneza programu naye katoka wapi? Ibn Sina (aliyefariki 1037) alitenganisha mumkin, kinachohitaji kingine ili kiwepo, na Wajibul-wujud, Asiyehitaji chochote. Fundi anayetegemea mashine na umeme ni mumkin kama sisi. Swali limepandishwa ghorofa moja, halijajibiwa.

David Chalmers, katika kitabu chake cha 2022, anashikilia kuwa hata ndani ya programu meza ni meza ya kweli. Basi na deni la mwenye duka ni deni, na adhana ya Magharibi ni adhana.