BINAMU: HISTORIA YA NENO NA SOMO LA UKOO

Mwalimu wa shule ya msingi afundishapo majina ya ukoo, huenda akakuta mtoto ameandika kwamba ana baba watatu. Kabla hatujatia alama ya kosa, yatupasa tuchunguze historia ya maneno tunayoyafundisha.

Kwa Wanyamwezi, kama ilivyo kwa Wabantu wengi, ndugu wa kiume wa baba huitwa baba pia. Kwa hiyo watoto wake ni ndugu, si jamaa wa mbali. Kaka wa mama na dada wa baba wana majina yao wenyewe.

Kiswahili kilifika Tabora pamoja na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mnamo Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kufanya makao. Kiswahili cha pwani kilikuwa na maneno ya asili ya Kiarabu: ami, yaani ndugu wa kiume wa baba, na binamu, yaani mwana wa ami. Hata hivyo mjomba na shangazi, maneno ya Kibantu, yalidumu.

Leo watu wengi humwita binamu mtoto wa mjomba au wa shangazi. Mwana wa baba mdogo wanamwita ndugu. Jina limehama kutoka kwa mwenyewe wa kwanza, kwa kuwa yeye alikwisha kuwa na jina.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika Kijerumani cha kale, fetiro, neno lenye shina moja na fater, yaani baba, lilimaanisha ndugu wa kiume wa baba. Leo Vetter ni binamu wa kiume wa upande wowote.

Katika somo, basi, tufuate hatua tatu. Kwanza, kila mtoto ataje amwitavyo kila jamaa nyumbani. Pili, achore mti wa ukoo wake. Tatu, tumpe majina ya Kiswahili sanifu: baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, shangazi, binamu. Tusahihishe uhusiano uliokosewa, tusifute jina la nyumbani. Yatima aliyelelewa na baba mdogo, akiambiwa darasani kwamba huyo si baba, hupoteza zaidi ya alama moja.