Timbo Lililokwisha Mawe Laweza Kuwa Bwawa: Hatua za Kubadilisha Matumizi ya Ardhi

Huko Tabaka, Kaunti ya Kisii, mawe ya sabuni yamechimbwa kwa vizazi vingi. Kwingineko Kisii na Nyamira huchimbwa mawe ya kujengea na murram. Kazi ikiisha, timbo hubaki wazi. Mvua hulijaza maji, mbu huzaliana, na watoto na mifugo huwa hatarini. Hata hivyo, shimo hilo likipangwa mapema laweza kuwa hifadhi ya maji.

Kwa nini jambo hili ni muhimu?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Mashamba ni madogo na hugawanywa kila kizazi. Mvua ni nyingi, lakini maji mengi huteremka milimani hadi mitoni na kwenda zake. Ardhi iliyochimbwa haifai tena kwa chai wala ndizi. Ikihifadhi maji, inarudisha faida.

Timbo laweza kubeba maji kiasi gani?

Chukua timbo la mita 50 kwa 40, kina mita 5. Hilo hubeba mita za ujazo 10,000, yaani lita milioni 10. Nyumba 1,000 zikitumia lita 100 kila siku, maji hayo yangetosha siku 100. Lakini mengine hupotea kwa jua na kwa nyufa za mwamba, hivyo wataalamu hupima mwamba kwanza, na penye nyufa huziba kwa udongo wa mfinyanzi au karatasi ngumu ya plastiki. Maji ya kunywa ni lazima yapimwe na kusafishwa.

Wengine wamefanya nini?

Mjini Atlanta, Marekani, timbo la Bellwood lilinunuliwa na mji mwaka 2006, na kufikia 2020 lilikuwa limejazwa maji ya akiba, takriban lita bilioni 9. Maji hayo huvutwa kutoka mto Chattahoochee. Mji haukutegemea mvua pekee. Hapa Kenya, machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, yalianza kupandwa miti mwaka 1971, na leo ni bustani yenye mabwawa ya samaki.

Hatua za kufuata

1. Mwenye ardhi huomba kibali cha kubadilisha matumizi kwa Serikali ya Kaunti, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.
2. Athari kwa mazingira hutathminiwa, na leseni hutolewa na NEMA.
3. Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA) hutoa kibali cha kuhifadhi au kuvuta maji.
4. Majirani na wachimbaji husikizwa. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Mipango ya Ardhi ya Kaunti, na baadaye kwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Je, mwenyewe atapoteza ardhi?

La. Kubadilisha matumizi hakubadilishi hatimiliki. Ardhi ikihitajika kwa mradi wa umma, Kifungu cha 40 cha Katiba chataka mwenyewe alipwe fidia ya haki, kikamilifu na bila kuchelewa, kupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Swali gumu ni la riziki. Timbo likijazwa maji, mchimbaji hukosa kazi na mchongaji hukosa jiwe. Kwa hivyo mabadiliko yafaa pale tu mawe yamekwisha, na mpango ueleze mapema nani atatumia maji, nani atalinda ua, na wachimbaji watafanya kazi gani.

Kabla ya kutia sahihi makubaliano yoyote, mkaazi anashauriwa kuhakikisha mipaka na hatimiliki katika ofisi ya ardhi, kuijumuisha familia nzima, na kuhudhuria vikao vya ushirikishaji wa umma katika wadi yake.