Elimu ya afya: Homa ya shindano na homa ya surua

Katika biolojia tulijifunza namna chanjo inafanya kazi: mwili unafundishwa kumujua adui mbele hajafika. Lakini swali moja lilibaki. Sababu gani muzazi anayependa mutoto wake anamuficha siku ya chanjo?

Kusema "ni mujinga" hakutoshi. Tuangalie ginsi mama anavyopima hatari. Mutoto wa miezi 9 anapigwa shindano ya surua. Kisha siku 7 mpaka 12 watoto wamoja wanapata homa. Mama anajilaumu: "Mimi mwenyewe nilimupeleka." Lakini surua ikija yenyewe, anasema ni ugonjwa wa watoto tu, sisi wote tuliupita. Hatari iliyopita mukononi mwake inamulemea kuliko ile inayokuja bila yeye. (Na wale wasioupita hawako tena hapa kutoa ushuhuda.)

Tukumbuke mambo ya inchi yetu. Toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020 Ebola iliua watu 2,287, karibu wote Kivu ya Kaskazini na Ituri. Redio ilisema juu yake kila siku, na watu walinawa mikono kwenye barabara. Wakati uleule surua ilipita katika inchi nzima: tangu mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020 ilihesabiwa kuwa watu zaidi ya 310,000 waliugua na zaidi ya 6,000 walikufa, wengi watoto chini ya miaka 5. Nani aliogopa surua sawa vile? Ugonjwa tunaouzoea tunauzarau, hata kama mugonjwa moja anaweza kuambukiza watu 12 mpaka 18 wasio na kinga.

Tena kuna jambo la kuaminiana. Watu waliuliza: "Watoto wetu walikufa na malaria na surua miaka yote, magari haya hayakuja. Leo yanakuja juu ya Ebola, wanatafuta nini?" Swali hilo lilikuwa la haki, na wale waliokosa jibu walikimbia hata shindano ya kuwaponya.

Mumoja wetu, wakati wa likizo, alimwambia mama yake mudogo mbele ya kwenda kituo cha afya: homa inaweza kuja, itakaa siku moja ao mbili, itakwisha. Mama mudogo akajibu: "Kwa mutoto wa kwanza munganga hakuniambia hivi. Ndiyo maana wa pili sikumupeleka."