MMEA UNYWAO UKUNGU

Watu wa Machakos waujua vema ukungu wa miezi ya Juni na Julai, ufunikao vilele vya Milima ya Iveti tangu alfajiri. Ukungu wa namna hiyo ndio uulishao msitu wa Milima ya Chyulu, iliyo kusini-mashariki, upande wa Kibwezi, nchi ambayo hadi mwaka 1992 ilihesabiwa katika Wilaya ya Machakos. Chini kote ni nyika kavu. Bali juu, ambako kilele kirefu chapita meta 2,100, pana msitu mbichi, mfano wa kisiwa.

Juu ya matawi ya miti hiyo huota makangaga madogo. Wengi hudhani kwamba mmea uotao juu ya mwingine lazima huunyonya. Sivyo. Kirukia hupenyeza mizizi ndani ya tawi na kunyonya maji ya mti. Kangaga hushika gome tu, kama mpangaji ajipikiaye mwenyewe. Maji yake ni ukungu na mvua. Chakula chake ni vumbi na majani yaliyooza katika mianya ya gome.

Kangaga halina ua wala mbegu. Chini ya jani lake mna madoa ya kahawia yenye unga mwembamba uchukuliwao na upepo. Punje ya unga huo ikiangukia penye unyevu, huota kipande chembamba cha rangi ya kijani, kidogo kuliko ukucha. Hapo chembe ya kiume haina budi kuogelea majini ili iifikie ya kike. Pasipo maji hakuna uzazi.

Matawi hayo hayo huukinga ukungu, ukawa matone, yakadondoka chini. Milima ya Chyulu haina mito ya kudumu. Maji yake huzama katika majivu na mawe ya volkeno, yakatokea mbali katika Chemchemi za Mzima, ambazo tangu mwaka 1957 hupeleka maji Mombasa kwa bomba. Miti ikikatwa au kuchomwa moto, ukungu hupita bure.

Basi, mtu aonaye makangaga juu ya mti asiyabandue kwa kudhani kwamba anauponya, wala asiukate mti wenyewe kwa ajili ya kuni. Hasara yake yafika mbali, hata kwa mtu afunguaye bomba kule Mombasa.