Boda ya Karibu Iache: Kijitabu cha Nyumbani Kuhusu Mafuta ya Damu

Kwa nini tumekuandikia

Kuanzia Nyeri mjini hadi Karatina na Nanyuki, tunapokea watu waliopooza upande mmoja au walioshikwa na moyo. Wengi hawakujua kwamba damu yao imejaa kolestro mbaya, yaani mafuta mabaya. Kolestro haiumi wala haiwashi. Hujulikana kwa kupimwa damu tu.

Boda ya karibu

Kati ya mambo yanayoongeza kolestro hiyo, boda ya karibu ndiyo inayotusumbua zaidi. Wazee wetu walipanda miteremko hii na majani ya chai mgongoni. Sisi tunapanda boda kutoka stejini hadi langoni, boda ya kwenda kusaga unga, boda ya kwenda kanisani. Aliyeketi dukani kutwa nzima kisha akarudi kwa boda amechoka, ndiyo, lakini mwili wake haujafanya kazi. Safari ya nusu saa kwa miguu au chini ya hapo, usipande boda. Una haraka? Toka nyumbani mapema. Usipande boda.

Kiasi gani

Nusu saa kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa watu wazima. Tembea kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Dakika 10 asubuhi, 10 mchana na 10 jioni pia zinatosha. Ukidumu, mafuta mazuri ya damu hupanda na mabaya hushuka. Vilima vyetu ni msaada mkubwa, mradi usivipande kwa boda.

Shambani

Kulima kwa jembe ni zoezi. Kumsimamia kibarua si zoezi.

Baridi ya Julai

Vaa sweta, utembee.

Tahadhari

Simama mara moja kifua kikibana, pumzi ikikatika, kichwa kikizunguka, au maumivu yakishuka mkononi au kupanda tayani. Usiseme ni gesi. Usingoje kesho. Tafuta gari upelekwe hospitali. Aliyewahi kupata kiharusi au mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Mwenye sukari avae viatu vilivyofunika vidole na akague nyayo kila jioni. Kama umekaa miaka bila mazoezi, usianze kwa kukimbia kilimani. Pasipo na njia ya miguu, tembea upande wa kulia uyaone magari yanayokuja. Wakati wa ukungu vaa nguo za rangi kali zinazoonekana kwa mbali. Ukipewa dawa za kolestro, usiziache eti kwa sababu umeanza kutembea.

Chakula

Punguza chipsi, mutura na mafuta ya kupikia yanayoganda. Githeri na sukuma wiki ni vizuri, lakini havitakutembelea. Boda ya karibu iache vilevile.

Kupimwa

Mhudumu wa afya ya jamii hupima presha na sukari kijijini. Kwa kolestro, nenda kwenye kituo chenye maabara. Daktari atakwambia urudi lini. Uende na dawa zote unazomeza.